Mgeni Anayechagua Chakula, Umpeleke Wapi?

Leo sina habari za bei ya mahindi wala foleni ya malori. Nataka tuzungumze jambo linalowatoa jasho wenyeji wengi wa Tunduma na mkoa huu wa Songwe, ila hawalisemi. Mgeni amefika. Una vihela mfukoni, umeamua leo hapiki mtu nyumbani, unamtoa kwenda kula mahali pa heshima. Unamuuliza anapendelea nini, anakujibu kwa upole, "Chochote tu, kaka, mimi sina shida." Dakika kumi baadaye mko mezani, na inaonekana kwamba nyama ya ng'ombe hali, samaki inategemea, pilipili hapana, na wali wa jana anaujua kwa harufu.

Wageni Tunduma hawaishi. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam inamalizikia hapa na ya Zambia inaanza. Ya Sumbawanga inachipukia hapa hapa. Reli ya TAZARA inapita. Tangu lami ya kutoka Mpemba hadi Isongole, mpakani na Malawi, ikamilike, ndugu zetu wa Chitipa ng'ambo nao wamesogea. Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia walizindua kituo cha pamoja cha huduma mpakani, na watu wanaopita hapa kwa shughuli zao ni wa kila namna. Mkoa wenyewe wa Songwe bado mchanga, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na kila ofisi iliyofunguliwa imeleta watumishi kutoka pembe zote za nchi. Kwa hiyo usishangae meza moja ikakaliwa na wakala wa forodha kutoka Tanga, dereva wa Lubumbashi, mkaguzi wa hesabu kutoka Dodoma, shemeji kutoka Ndola na mama mkwe kutoka Kamsamba. Hao wote uwalishe washibe, na watoke wanakusifu.

Wengi wetu tunalitatua jambo hili kwa macho. Tunatafuta hoteli yenye vigae vinavyong'aa, geti, maua ya kupandwa, viti vyenye mito na televisheni kubwa ukutani. Tukishaona hivyo tunasema hapa ni pa hadhi, mgeni ataridhika. Hoja yangu jioni hii ni moja: mtu anayechagua chakula haridhiki na viti. Anaridhika na jiko linalokubali kuulizwa maswali. Ukilipata jiko hilo, hata likiwa nyuma ya ukuta usiopakwa rangi, umemaliza kazi. Ukilikosa, hakuna kigae kitakachokuokoa.

Lakini kwanza tumtendee haki huyo mchaguzi. Tunapenda kumcheka. Tunamwita mdeka, tunasema amelelewa kizungu, tunasema njaa haijamuuma. Ukimkalisha na kumsikiliza utakuta mara nyingi ana sababu, na sababu hizo zinatofautiana. Ukizichanganya, utampeleka mahali pabaya.

Wa kwanza anachagua kwa imani. Mwislamu hali kitimoto, hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana na wenyeji wengi ni kwamba kwake tatizo halimaliziki kwenye nyama, linafika kwenye karai. Nyanda za juu huku kitimoto ni chakula cha watu, kinakaangwa mchana na usiku, na baa nyingi zina karai moja tu la mafuta. Asubuhi limekaanga nguruwe, mchana linakaanga chipsi, jioni kuku. Mgeni wako ameagiza chipsi kavu ili awe salama, kumbe ameletewa kile kile alichokikimbia. Jiko la mkaa nalo ni hivyo hivyo: wavu mmoja, mshikaki wa ng'ombe upande huu, mbavu za nguruwe upande ule, mafuta yanadondoka na moshi ni mmoja.

Msabato naye hali nguruwe, ila ana la ziada kwa upande wa samaki. Wengi wao wanafuata agizo la Biblia, katika Mambo ya Walawi, la kula samaki mwenye mapezi na magamba. Sasa sisi hapa tunaletewa samaki wa Ziwa Rukwa, na kambale ni mmoja wao, laini kama sabuni, hana gamba hata moja. Perege ana magamba. Mgebuka wa Ziwa Tanganyika anayo pia, madogo madogo. Mhudumu akikwambia "samaki yupo" hajakwambia kitu. Muulize samaki gani. Na jambo jingine: Wasabato wengi hawanunui wala hawauzi kitu tangu jua la Ijumaa linapozama hadi linapozama la Jumamosi. Ukimwalika hotelini Jumamosi mchana ili umheshimu, umemtia kwenye mtihani. Mkatoliki naye, Ijumaa za Kwaresima, nyama haigusi. Kalenda, ndugu yangu, ni sehemu ya menyu.

Wa pili anachagua kwa afya. Huyu hasemi, maana anaona haya. Ana kisukari na hataki shemeji zake wajue. Ana presha na amekatazwa chumvi. Ana vidonda vya tumbo, na huyo ndiye aliyejaa hapa mjini: pilipili hapana, ndimu hapana, maharage yanamsumbua, rosti yenye nyanya nyingi inamuunguza. Mtu wa namna hii makange ya kuku yanayofuka moshi mbele ya watu si starehe kwake, ni adhabu. Anachotaka ni kuku wa kienyeji aliyechemshwa, ndizi chukuchuku, mboga isiyoungwa. Chakula rahisi kuliko vyote, na cha ajabu ni kwamba hoteli nyingi za hadhi hazijui kukitoa, kwa sababu kuku wote tayari wamekwisha kuwekewa viungo tangu asubuhi.

Hapo hapo niwataje wanaodhurika na karanga. Ni wachache, lakini kwao si mchezo, mtu anaweza kuvimba koo. Na sisi huku karanga ni kiungo cha nyumbani. Kisamvu kina karanga, mchicha unatiwa karanga, na ukivuka mpaka kuingia Nakonde, Zambia, ndiyo kabisa. Mboga inaweza kukaa pale mezani ikionekana ya kijani safi, kumbe unga wa karanga umezama ndani.

Wa tatu anachagua kwa ulimi. Huyu ndiye tunayemwonea zaidi. Mnavu kwako ni mtamu, kwake ni mchungu hauliki, na wewe unaona anaringa. Sikiliza kisa hiki. Mwaka 1931 mkemia mmoja wa Marekani, Arthur Fox, alikuwa maabara katika kampuni ya DuPont akishughulika na unga fulani, unga ukapeperuka hewani. Mwenzake akalalamika kwamba ni mchungu mdomoni. Fox, aliyekuwa amesimama karibu zaidi na unga huo, hakusikia uchungu wowote. Wakauonja wote wawili: mmoja anatema, mwingine anashangaa. Baadaye wanasayansi walithibitisha kwamba tofauti hiyo tunairithi kwa wazazi wetu, na kwamba kuna watu ambao uchungu wa mboga za majani wanausikia kwa ukali zaidi kuliko wengine. Kwa hiyo anayesema mnavu au nyanya chungu inamshinda hadanganyi. Ulimi wake si wako.

Watoto nao wana yao. Kati ya miaka miwili na sita, watoto wengi wanakiogopa chakula wasichokifahamu. Ni hatua ya kukua, inapita. Wataalamu wa lishe wanasema mtoto anaweza kuhitaji kuonjeshwa kitu kile kile mara nane, kumi au hata zaidi ndipo akikubali. Somo hilo ni la nyumbani. Hotelini, mbele ya wageni, mtoto akitaka chipsi mpe chipsi zake. Umekuja kula na watu, hujaja kumfundisha bamia.

Na wa mwisho anachagua kwa hofu ya tumbo. Huyu kesho ana safari, anasubiri basi la saa kumi na mbili au anaendesha lori hadi Kapiri Mposhi. Amewahi kuumwa njiani na hataki tena. Hali kachumbari, hanywi juisi, hataki barafu. Anatafuta kitu kilichotoka motoni sasa hivi, anakiona kinafuka.

Umeona? Watu watano, sababu tano, na hakuna hata mmoja aliyeulizia vigae.

Sasa nikupeleke mbali kidogo, Paris, Ufaransa, miaka ya 1760. Kabla ya hapo, mtu mwenye njaa mjini alikula kwenye nyumba za wageni zenye meza moja ndefu. Saa imepangwa, chakula kimepangwa, bei imepangwa, na aliyechelewa anakuta mifupa. Wakatokea wafanyabiashara, jina linalotajwa sana ni la Mathurin Roze de Chantoiseau, wakafungua vyumba vya kuuza supu ya nyama kwa watu waliosema miili yao haihimili mlo mzito wa jioni. Mteja alikaa kwenye meza yake peke yake, akaja saa aliyotaka, akaagiza alichotaka kwenye karatasi iliyoandikwa bei. Mwanahistoria Rebecca Spang alikitolea kisa hicho kitabu kizima mwaka 2000. Mgahawa wa hadhi tunaoujua leo, wenye meza yako na menyu yako, ulitokana na hapo. Yaani ulianzishwa kwa ajili ya wachaguzi. Wale tunaowaona wasumbufu ndio waliowapa wenye hoteli kazi!

Na wewe unayekunywa supu ya kongoro saa moja asubuhi na chapati mbili, ujue umeungana na wale wa Paris bila kupanda ndege.

Ukilishika hilo, utawaangalia mama lishe na hoteli kubwa kwa jicho jingine. Mama lishe ndiye mwenye ile meza ndefu. Amepika wali maharage na ugali dagaa, sufuria ni hizo, saa nane vimekwisha. Kwa elfu mbili, tatu, umeshiba, na mara nyingi chakula chake kinanoga kuliko cha hotelini, wala sitamsema vibaya. Ana sifa moja ambayo hoteli kubwa imeipoteza: jiko lake liko mbele ya macho yako. Unaona mafuta aliyotumia, unaona maji yakichemka, unamuuliza akiwa ameshika mwiko, naye anakujibu. Lakini kuchagua, hapana. Hawezi kukupikia kuku wako peke yako wakati kuna watu ishirini wamesimama. Hoteli ya hadhi unailipa mara tano au zaidi ili ikupe nafasi ya kuchagua. Isipokupa, imekuuzia viti.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Lakini mjuzi wa nazi hachagui kwa kutazama kifuu, anaitikisa karibu na sikio asikie maji. Hoteli nayo itikise kabla hujamleta mgeni. Nenda mwenyewe siku moja kabla, saa ambayo hawana watu wengi. Agiza chai tu. Kisha omba menyu.

Menyu ikija, usisome vyakula. Muulize mhudumu: "Leo kipi hakipo?" Nimeona menyu za kurasa kumi, picha za rangi, kamba wa pwani, pizza, wali wa Kichina, na ukianza kuagiza unaambiwa hicho hakipo, hicho kiliisha, hicho mpishi wake yuko likizo. Mwishowe ni kuku na chipsi. Kwa mtu anayechagua, hiyo ni fedheha, maana alikwisha kujikubalisha kitu kichwani, akanyang'anywa, akajikubalisha kingine, akanyang'anywa tena. Karatasi moja yenye vyakula sita vilivyopo vyote ina thamani kuliko kitabu.

Swali la pili ni la karai. Liulize kwa adabu, lakini liulize.

"Dada, habari za kazi?"

"Nzuri, kaka. Karibu."

"Chipsi zenu mnakaangia mafuta gani?"

"Alizeti."

"Na kitimoto mnakaangia humo humo?"

Hapa mtazame usoni. Akikujibu "Hapana, kitimoto kina karai lake kule nyuma, twende nikuoneshe," basi kaa, agiza chai ya pili. Akisema "Ngoja nikamuulize mpishi," akaenda kweli, akarudi na jibu, huyo naye mzuri. Akisema "Haina shida, kaka," huku anapangusa meza, lipa chai yako uondoke. Haina shida kwa nani?

Swali la tatu ni la chakula rahisi. Muulize kama wanaweza kumchemshia mtu kuku bila kiungo chochote, chumvi kidogo, ndizi pembeni, mboga isiyotiwa karanga. Usiulize kama kipo kwenye menyu, hakitakuwepo. Uliza kama mpishi anakubali, na mwambie utapiga simu mapema. Jiko linalokubali kupika chukuchuku linajiamini. Lile linalokataa mara nyingi linaficha kitu chini ya viungo.

Halafu kuna suala la saa, na hapa Tunduma lina mtego wake. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Kwetu saa saba mchana, Nakonde ni saa sita. Mgeni wako akitokea ng'ambo na mkapatana "saa saba", hakikisheni ni saa saba ya nani. Usipofanya hivyo utakaa saa nzima na kuku aliyechemshwa akiwa anapoa, na mgeni mwenye hofu ya tumbo akifika anakuta chakula ambacho hatakigusa.

Kuhusu kuagiza, tujue hali halisi. Kuku wa kienyeji akipikwa kuanzia mwanzo hapungui saa nzima motoni, maana yule mtu amekimbia maisha yake yote. Mkifika na kuagiza papo hapo, mtakaa mpaka mazungumzo yaishe. Njaa ikizidi, mchaguzi anakuwa mkali na asiyechagua anaanza kuchagua. Piga simu asubuhi. Sema watu wangapi, saa ngapi, na nani hali nini. Mpishi akijua saa nne, ananunua sokoni kwa ajili yako. Akijua saa saba, anakupa kilichobaki.

Kuna wanaopenda bufee, na kwa kundi kubwa nawaunga mkono. Bufee inamstiri mchaguzi: anapita na sahani yake, anaona, anaruka asichotaka, hakuna anayemhoji. Mwenye kisukari anapunguza wali bila maelezo. Ila kuna masharti mawili. Fikeni vyombo vinapofunuliwa, msije mwishoni wakati pilau limekauka pembeni na samaki amebaki vichwa. Na pawe na mtu wa kuuliza kila sufuria ina nini, maana mfuniko haujielezi.

Sasa tuvuke. Watu wa Tunduma wengi wanaona kwenda kula Nakonde ni matembezi, na ni kweli, mabadiliko ya hewa. Huko utajifunza jambo moja kubwa: kila mtu ni mchaguzi akiwa ugenini. Yule yule aliyemcheka shemeji wa Ndola kwa sababu ugali wetu ulimwia mgumu, akikalishwa mbele ya nshima laini iliyochotwa kwa mabonge, anaanza kutafuta ugali wake. Wakimletea sahani ya viwavi vikavu vilivyokaangwa, ambavyo Wabemba wanaviita ifinkubala, anakumbuka ghafla kwamba ameshiba. Wakati huo mtu wa Bukoba aliyekulia senene anaweza kuvuta kiti akaomba chumvi. Tuwe na huruma.

Huko huko Nakonde, sokoni, utakuta chikanda. Ni kipande cha rangi ya kahawia, kimeganda, kinakatwa kwa kisu vipande vya kutafuna. Asiyejua anadhani ni nyama. Ni viazi vidogo vya maua ya okidi, vimekaushwa, vikasagwa, vikapikwa na unga wa karanga, pilipili na magadi mpaka vikashikana. Kwa mgeni asiyekula nyama ni chakula safi, isipokuwa awe na tatizo la karanga. Lakini vingi vya viazi hivyo vimekuwa vikitokea kwetu, nyanda za juu kusini, vinapitia mpaka huu huu kwenda Zambia. Uchimbaji wake ni moja ya sababu zilizofanya watu wapaze sauti juu ya maua ya Kitulo, na mwaka 2005 Kitulo ikawa Hifadhi ya Taifa. Mle ndani kuchimba ni kosa. Kwa hiyo huko nako uliza: hiki kimetoka wapi? Mchaguzi mwenye dhamiri naye yupo, na ana haki yake mezani.

Wengine watasema, huku kwetu hoteli za hadhi ni za kuhesabu, mimi nikiwa na mgeni mkubwa nampeleka Mbeya, saa mbili tu barabarani, au nasubiri tukutane Dar es Salaam. Sawa. Lakini kipimo ni kile kile. Dar paliwahi kujulikana sana ukumbi wa Akemi, juu ya jengo la Golden Jubilee, uliokuwa ukizunguka taratibu huku unaangalia mji na bahari. Mahali pazuri pa kupiga picha. Mama mkwe anayesikia kizunguzungu asingekushukuru. Mgeni asiyekula nyama, mtembeze Kisutu, kwenye mahekalu ya Wahindu, kuna majiko ambayo nyama haijawahi kuingia, na hapo suala la karai limekwisha lenyewe. Au mpeleke kwenye chakula cha Kiethiopia. Wakristo wa Orthodox wa Ethiopia wanafunga Jumatano na Ijumaa, hawagusi nyama, maziwa wala mayai, kwa hiyo mapishi yao yana dengu na mboga za kujaza sinia. Hata Nairobi, hoteli ya Carnivore, iliyofunguliwa mwaka 1980 na kupata jina duniani kwa nyama choma, ina vyakula vya wasiokula nyama. Nyumba ya nyama imemkumbuka asiyekula nyama! Tunashindwaje sisi?

Niseme kidogo juu ya adabu ya mwenyeji. Mambo yote haya, malizeni kabla ya kukaa. Mezani usimtangaze mgeni: "Huyu bwana hali pilipili, mpikieni kama mgonjwa." Umemvua nguo. Mhudumu aliyekwisha ambiwa anamwekea sahani yake mbele, inafanana na za wengine, anakula kimya. Usimlazimishe kuonja. "Onja kidogo tu, hutakufa" ni maneno mabaya kwa mtu mwenye imani yake, na kwa anayedhurika na karanga si utani hata kidogo. Asipomaliza, usihesabu mifupa. Na bili ikija, ichukue wewe, usiisome kwa sauti kwamba kuku wa kuchemshwa kumbe ndiye ghali kuliko wote.

Namalizia na wenye hoteli, wa Tunduma, Vwawa na Mlowo, kwa sababu nyie ndio mnaoweza kuumaliza usumbufu huu kwa gharama ndogo. Nunueni karai la pili na wavu wa pili, muandike "kitimoto" kwa rangi kwenye mpini. Wekeni ubao mlangoni, kila asubuhi andikeni vilivyopo, na samaki muwataje majina: perege, kambale, mgebuka. Acheni kuku wawili bila viungo hadi saa nane. Mfundisheni mhudumu kusema "Ngoja nikaulize." Simu ya hoteli ipokewe na mtu anayeingia jikoni. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji fundi wa vigae.

Na ongezeni kimoja ambacho ni aibu yetu sote. Mbozi inalima kahawa ya arabika inayonunuliwa na watu wa mbali. Mgeni anayetokea upande wa Mbeya anapita kwenye mashamba yake kabla ya kufika hapa, anaiona mibuni imebeba. Akiketi hotelini akaagiza kahawa, analetewa chupa ya maji ya moto, kopo la unga wa kahawa na kijiko. Mchaguzi wa kahawa anatazama kopo, anatazama dirishani, anaagiza soda. Chemsheni ya kwetu. Birika moja, kahawa iliyokaangwa na kutwangwa hapa hapa, ikiwa moto. Huyo mgeni atakaporudi Dodoma na kuulizwa Songwe wanakula nini, atakuwa na la kusema, na safari ijayo ataleta wenzake, wachaguzi kumshinda.

Kwa leo niishie hapo, msikilizaji. Kama kesho una mgeni, piga simu jikoni saa nne asubuhi, na uanze na swali la karai.